Usitie Sahihi Leo

Delbert,
najua bahasha iko mlangoni pa friji,
umeibana kwa sumaku ya duka la pizza,
nene, rangi ya maziwa,
na neno "shukrani" limo mara nne.
Nilihesabu katika yangu. Nne.

Mimi nilisaini siku ileile, kabla ya saa sita,
keki haijaisha, kisu kimelala ubavu ndani ya krimu,
na yule kijana Braden wa ofisi ya wafanyakazi
akinishikia karatasi
kama anayemlisha mgonjwa uji.
Miaka thelathini na mmoja nimekagua vioo vya magari,
nikiuona ufa ambao mashine yao haikuuona,
lakini aya ya kumi na moja ya karatasi yangu mwenyewe
sikuiona.

Usitie sahihi leo.
Wakipunguza watu kwa kundi, una siku arobaini na tano za kufikiri.
Si hisani ya Braden. Ni sheria,
ya kila aliyetimiza arobaini katika nchi hii.
Ziache zipite mojamoja. Zoa theluji mlangoni.
Mpeleke mbwa akakatwe kucha.
Na hata ukisaini, una saba za kujuta.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki;
haya yanazoleka, Delbert, wiki moja tu,
kwa barua.
Mimi nilikuja kujua siku ya tisa.

Na uidai orodha.
Lazima wakupe: vyeo na umri,
nani katoka, nani kabaki.
Majina hayamo, umri tu, kama bei za sokoni:
hamsini na nane, nje.
Sitini na tatu, nje.
Ishirini na tisa, ndani.
Isome kwa sauti, Maureen akusikie akiwa jikoni.
Jungu kuu halikosi ukoko, ndiyo,
ila wao wanalitupa jungu
baada ya kutuomba tuwafundishe vijana wao kukwangua.

Kisha chukua lile daftari la alama za bolingi,
ligeuze, anzia nyuma:
tarehe, saa, nani alikuwepo.
Machi, kikao cha asubuhi: "Tunahitaji damu mpya."
Juni, penye mashine ya kahawa: "Utapumzika lini, babu?"
Ulicheka. Andika pia kwamba ulicheka.
Wakili wangu, Odessa Pruitt, anasema kicheko si ridhaa.
Zitafute tathmini zako, "bora sana" miaka sita mfululizo,
na ile ya saba, alipokuja meneja mpya:
"hana kasi."

Kuna ofisi ya serikali inayopokea malalamiko,
siku mia tatu hapa Ohio, tangu siku waliyokwambia.
Hulipi hata senti.
Zikipita sitini, mlango wa mahakama uko wazi.
Sikuahidi kushinda; hata mimi sikuahidiwa.
Wengine hupatana kwenye meza yenye biskuti.
Wengine huchoka. Ilka Szabo alichoka,
sasa anapanga makopo dukani kwa mpwa wake,
hataki tulitaje jambo hili.

Yangu? Karatasi yangu haikuambatanishwa na orodha.
Odessa alipogundua alivua miwani, akaifuta,
akaivaa, akaanza upya ukurasa wa kwanza.
"Huenda," alisema.
Neno hilo tu. Nalala nalo siku ya tatu sasa.
Leo ni siku ya mia mbili na sita.

Nipigie kabla hujagusa kalamu,
hata usiku, silali mapema siku hizi.

Jana nilikuwa nasubiri taa za barabarani.
Kioo cha kituo cha basi, ng'ambo,
chini kushoto, kina ufa mwembamba kama unywele.
Watu walikiegemea wakisoma simu zao.
Niliuona nikiwa upande huu.